Anaconda ya Tatu na swali la mama wa mandazi

 Wiki hii zamu ya kuandika imetuangukia sisi wa kamati ya filamu. Wengi mmetuuliza kwa nini Ijumaa watu walitoka ukumbini wakicheka wakati filamu yenyewe ilikuwa ya kutisha. Tutaeleza. Ila kuna jambo lingine pia. Kabla ya mwisho wa mwezi lazima tuamue kama tutatengeneza sehemu ya pili ya filamu yetu ya ziwani, na kamati imegawanyika katikati kabisa. Kilichowasha moto ni hiyo Anaconda 3.

Jina lake kamili ni Anaconda 3: Offspring, yaani wazao wa Anaconda. Ilitoka mwaka 2008 kwenye televisheni moja ya Marekani iliyokuwa ikiitwa Sci Fi Channel, haikuanzia kwenye majumba ya sinema kama ile ya kwanza. Sisi tuliipata kwenye flashi ya jamaa mmoja wa kibanda cha video, kwenye folda imeandikwa "Nyoka zote". Ilikuwa na sauti ya VJ wa Kampala anayetafsiri kwa Luganda. Sasa fikirieni: wazungu wanaongea Kiingereza, juu yake VJ anaongea Luganda, na juu ya Luganda mwenzetu mmoja amesimama na maikrofoni anatupatia Kiswahili cha kwetu. Wasomali waliokaa nyuma walikuwa na mtafsiri wao tena wa kunong'ona. Ukumbi mzima ulikuwa kama soko, na spika ya sola nayo inakohoa.

Ile Anaconda ya kwanza mnaijua wote, hata wale wasiojua jina la filamu nyingine yoyote. Ni ya mwaka 1997, Jennifer Lopez na Ice Cube wamo, na yule mzee mwenye macho mabaya ni Jon Voight. Ilitengenezwa kwa karibu dola milioni 45. Nyoka wake mara nyingine alikuwa mdoli mkubwa wa mashine, mara nyingine picha ya kompyuta. Na si kwamba ilikuwa safi. Kuna mahali mashua inapita na nyuma yake maporomoko ya maji yanapanda juu badala ya kushuka, kwa sababu picha waliirudisha kinyumenyume. Ukishaona hivyo mara moja hutaacha kuona. Lakini nani alijali? Tulikuwa watoto, tulikalia matofali, tuliogopa kwenda chooni usiku wiki nzima.

Ya pili, ya mwaka 2004, ilihamisha anakonda mpaka Borneo, kule Asia, na kuipigia picha Fiji. Anakonda hawaishi Borneo. Ni nyoka wa Amerika ya Kusini. Ni kama mtu atengeneze filamu ya simba wa Ulaya halafu aipigie Kakuma. Tuliisamehe, maana ilikuwa na ua la ajabu, okidi inayompa mtu maisha marefu, na tamaa ya watu kwa hilo ua ilikuwa hadithi inayoeleweka.

Ya tatu ndiyo tunayoizungumzia. Kuna tajiri mgonjwa wa kansa, anaitwa Murdoch, anaigizwa na John Rhys-Davies, yule aliyekuwa mfupi mwenye shoka kwenye The Lord of the Rings. Ana kampuni ya dawa, na ndani ya maabara wanafuga anakonda wakubwa kwa kutumia lile ua, wakitafuta dawa ya kumponya. Nyoka wawili wanatoroka, mmoja jike mwenye mimba. Wanaitwa wawindaji, na mkubwa wao ni David Hasselhoff. Huyo wazee wetu wanamkumbuka kutoka kwenye lile gari linaloongea. Mwanasayansi dada, Amanda, anaigizwa na Crystal Allen. Wanaingia msituni, wanaliwa mmoja mmoja. Basi.

Msitu wenyewe ni Romania. Tunasema hivi bila dharau kwa Romania. Filamu nyingi za pesa kidogo hupigwa kule kwa sababu kuna studio, mafundi wazoefu, na gharama ni ndogo kuliko Marekani. Tena ya tatu na ya nne, Trail of Blood ya mwaka 2009, waliipigia huko huko kwa mpigo mmoja, mwongozaji ni yule yule Don E. FauntLeRoy, ili kambi ya kazi isivunjwe na kujengwa mara mbili. Sisi wa kambi tunaelewa hesabu hiyo vizuri sana. Ukipata genereta ya kuazima kwa siku mbili, siku ya kwanza unafanya harusi, ya pili unafanya mkutano wa vijana.

Kwa hiyo ufukara wao hatuwalaumu. Na huyo FauntLeRoy si mtu asiyejua kamera, ndiye aliyekuwa mpiga picha mkuu wa Jeepers Creepers. Lawama yetu iko kwingine.

Kwanza nyoka. Nyoka wa Anaconda 3 ni picha ya kompyuta, na kwa pesa waliyokuwa nayo hakuweza kuwa mzuri. Sawa. Sasa mtu mwenye nguo moja yenye tundu anafanyaje? Anakaa akiligeuzia ukutani lile tundu. Hawa wakamsimamisha nyoka wao mchana kweupe, mwili mzima, tena mapema. Unaona kabisa kwamba yule nyoka na yale majani hawajawahi kukutana. Hana uzito. Kisha wakampa mkia wenye ncha kama mkuki, anachoma watu nao. Anakata vichwa. Ananguruma! Hapo ndipo ukumbi ulipoanza kucheka, na mzee mmoja wa Fizi akasema kwa sauti: "Ile nyoka haiko mubaya. Ile filme njo mubaya."

Huyu mzee alikuwa na haki ya kusema. Watu wengi hapa wametoka sehemu zenye chatu. Wanajua kwamba nyoka wa aina hii hana sumu, hakimbizi mtu njiani, hana kelele zaidi ya kufoka. Anakonda wa kweli anavizia majini, anakamata, anajizungusha, na anakaza zaidi na zaidi. Jike ni mkubwa kuliko dume, mbali sana. Na chatu wetu hutaga mayai lakini anakonda anazaa watoto hai, makumi kwa mara moja. Kwa hiyo katika hiyo mambo ya wazao, filamu ilishika jambo moja la kweli! Halafu ikaliacha. Walikuwa na mama mjamzito aliyefungiwa maabara na watu wanaomchoma sindano kwa faida yao, na watoto wanaokuja. Hadithi iko pale imelala wazi, mtu yeyote aliyekaa hapa Base Camp angeiona. Wao wakaipita kwenda kutafuta kichwa kingine cha kukata.

Jambo la pili ndilo tulilogombania mpaka saa sita za usiku.

Kuna maman mmoja anauza mandazi mlangoni kwetu. Analipwa kwa mandazi yake, filamu anaangalia bure, akisimama, beseni kichwani au chini ya mguu. Hacheki ovyo, haogopi ovyo. Katikati ya filamu, wakati mmoja wa wale wawindaji amekwisha kuliwa na watu wanapiga makofi, akamuuliza mtafsiri wetu: "Ule mwenye amekufa, alikuwa nani?"

Mtafsiri akanyamaza. Akatuangalia sisi. Hatukujua. Tukaangaliana. VJ hakuwa amemtaja, au alimtaja mara moja tu. Mtoto mmoja akajibu, "Alikuwa mwenye kofia." Maman akasema, "Ahaa," akarudi kwenye mandazi yake.

Tulipofunga mashine tulirudisha nyuma tukaangalia. Ni kweli. Watu wengi mle wanaingia kwenye hadithi ili walike. Hujui wametoka wapi, nani anawasubiri nyumbani, kwa nini wamekubali kazi hii. Hata wenzao hawasimami kuwalilia, wanasema neno moja na kuendelea kutembea. Filamu ina bajeti ya damu, haina bajeti ya dakika mbili za kumtambulisha mtu. Na dakika mbili za watu wawili kuongea karibu na moto ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye filamu. Hazihitaji kompyuta.

Baadhi yenu mtasema tunazidisha, hii ni filamu ya nyoka, si mazishi. Mwenzetu mmoja alisema hivyo hivyo: watu wamechoka, wanataka kucheka, waacheni wacheke. Tunamsikia. Kucheka kuna kazi yake hapa. Lakini sisi wa kujitolea mchana tunashika orodha. Kaya namba fulani, watu saba. Wageni waliofika wiki hii, wangapi wanaume, wangapi wanawake, wangapi chini ya miaka mitano. Nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa mnazijua hizo fomu kuliko sisi, na tunajua bila hizo fomu chakula hakifiki. Ila mtu aliyeshinda mchana kutwa akiwa namba, jioni akija kuangalia watu wanakufa wakiwa kofia, anaona kitu ambacho mwandishi wa ile filamu kule alikokuwa hakukiona.

Wapo waliofanya vizuri kwa kidogo. Jaws ya mwaka 1975 mnaisikia ikisifiwa. Papa wao wa mashine alikuwa anaharibika kwenye maji ya chumvi, mara anazama. Spielberg akalazimika kumficha muda mrefu, ukaona maji tu, mapipa ya njano yanakokotwa juu ya bahari, muziki. Watu wakaogopa maji. Hapa Uganda kwenyewe kuna Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyetoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu inayosifika kutengenezwa kwa chini ya dola 200. Helikopta zake ni za kuchekesha kuliko nyoka yeyote wa Romania. Lakini ukiangalia unajua wale watu wanapenda wanachofanya na wanakualika ndani, wakicheka pamoja na wewe. Anaconda 3 inatuuzia jina la zamani ikijua tutanunua. Tofauti iko hapo.

Mfano uliotushinda nguvu wote ni Godzilla Minus One, ya Japani, mwaka 2023. Wengine mtasema huo si umaskini, na kweli, ni filamu ya mamilioni ya dola. Lakini mwongozaji Takashi Yamazaki alisema haikufika hata milioni 15, ambayo kwa mambo ya majitu ya Hollywood ni pesa ya chai. Kazi ya picha za kompyuta ilifanywa na watu kama 35, yeye mwenyewe akiwasimamia, na Machi 2024 wakachukua Oscar ya kazi hiyo mbele ya filamu zilizotumia pesa mara nyingi zaidi.

Tuliionyesha mwezi wa pili, bila VJ, mtafsiri wetu akisoma maandishi ya Kiingereza chini. Ukumbi ulikuwa kimya. Ni hadithi ya rubani aliyetumwa kwenda kufa na ndege yake mwishoni mwa vita, akasingizia ndege imeharibika, akabaki hai. Anarudi Tokyo anakuta mtaa umeungua, wazazi wamekufa. Jirani aliyepoteza watoto wake anamlaumu kwa kurudi mzima. Anakutana na dada mmoja amebeba mtoto mchanga ambaye si wake, mama wa yule mtoto alikufa kwenye mabomu na kumwachia. Wanaishi watatu kwenye kibanda cha mabati na mbao. Yule jirani mwenye hasira ndiye baadaye analeta mchele wake mwenyewe kwa ajili ya mtoto.

Tuseme nini tena? Nyumba ngapi hapa zimetengenezwa hivyo? Mtoto si wa yule, baba si wa huyu, na bado jioni wanakula sahani moja. Jitu lilipotoka baharini, watu ukumbini hawakuwa wanaangalia jitu, walikuwa wanapiga kelele "Mtoto! Mtoto yuko wapi?" Maman wa mandazi siku hiyo hakuuliza nani amekufa. Alikuwa anawajua wote.

Hapa wenzetu wa Burundi waliongeza la kwao. Wana mamba wao, Gustave, wa mto Rusizi na Ziwa Tanganyika, ambaye anasemekana alikula watu wengi sana. Hollywood walitoa filamu juu yake mwaka 2007, Primeval, na wakaipigia Afrika Kusini. Rafiki yetu mmoja wa Bujumbura alisema alipoiona alikuwa na furaha dakika kumi, kwa sababu mto wa kwao umetajwa. Baadaye akagundua kwamba Wazungu na Wamarekani waliokuja kumtafuta mamba ndio wanaopewa historia, Warundi wengi ni wa kukimbia na kuliwa. Alisema, "Mamba ni wetu, filamu si yetu." Tukaliandika ubaoni.

Sasa turudi kwenye ile ya kwetu. Wasioijua: mwaka jana tulipiga filamu ya dakika tisa kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka, pale kwenye Ziwa Nakivale. Mnyama haonekani. Kuna dumu la njano linaelea, watoto wanacheka, na mara dumu linazama kama limevutwa. Lilivutwa kweli, na kamba. Watu wakaipenda mpaka watoto wa bombani wakawa wanaliita kila dumu lililopotea "limekwenda kwa yule". Tangu hapo kila siku tunaulizwa: sehemu ya pili lini?

Kuna rasimu. Aliyeiandika ni kijana mwenye kipaji, na amejifunza programu ya kutengeneza mnyama kwenye kompyuta ya kituo. Katika rasimu mnyama anatoka majini, tunamwona wote, na wanakufa watu watano. Mwingine akapendekeza wafike kumi, kwa sababu sehemu ya pili lazima izidi ya kwanza. Tukapiga hesabu ya waigizaji. Hapo mmoja wetu, anayejitolea kila kitu, kubeba betri, kushika mwanga, akasema atafanya yote ila hatalala chini kama maiti. Hata kwa filamu. Hakueleza, na hakuna aliyemuuliza. Kikao kikakaa kimya kidogo halafu mtu akaanza kuongea habari za chaji.

Upande mmoja wa kamati unasema: tuache kabisa, ile ya kwanza ilitosha, sehemu za pili zinaharibu jina. Kwa filamu hii hatukubaliani nao. Mwendelezo si dhambi. Watu wakiuliza "halafu?" ni kwa sababu umewapa kitu. Upande mwingine unasema: mnyama aonekane, vijana wetu waonyeshe ujuzi wa kompyuta, kuna wafadhili wataona. Nao hawana kosa, kijana akijifunza kazi anastahili ionekane. Lakini mnyama wa kwenye ile kompyuta, tulivyomwona juzi, ni ndugu wa nyoka wa Romania. Aende mara moja tu, usiku, sekunde tatu, na mgongo peke yake.

Tulichofanya sisi tulioandika hapa ni kuchukua rasimu na kalamu. Tumefuta vifo vitatu kati ya vitano. Wawili waliobaki tumewapa majina, kazi, na mtu mmoja mmoja anayewasubiri. Mmoja ni mvuvi aliyekopa wavu na hajaurudisha. Wa pili ni mama mwenye deni la sabuni dukani. Mwenye duka naye yumo, maana mwisho wa filamu anafungua daftari la madeni na hajui afute au asifute. Filamu imekuwa ndefu, sasa ni dakika kumi na nne, na mwandishi wa rasimu amekasirika kidogo. Anasema tumeifanya ya kulia. Huenda. Kamba ya dumu bado imo.

Maman wa mandazi tumemuomba aigize mama wa deni. Alitaka kwanza kujua yule mama anaitwa nani na watoto wake ni wangapi. Tukamwambia watoto wanne. Akakataa, akasema wawe watatu, wanne hawaenei kwenye ile nyumba tuliyochagua. Tumebadilisha.

Kikao cha kuamua ni Jumamosi saa nane mchana, kule kule ukumbini. Wa mashirika pia karibuni, kura yenu ni moja moja kama yetu. Mwenye betri ya sola iliyojaa aje nayo, ile yetu inakufa baada ya nusu saa, na tunataka kabla ya kupiga kura watu waone tena yale mapipa ya Jaws.